Ukingo Unaohama

Kisiwa cha Crescent katika Ziwa Naivasha kimewahi kufikiwa kwa miguu. Mwaka 2009, ziwa liliposhuka kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1940, kati ya kisiwa na bara palibaki shingo ya ardhi kavu, na wanyama wakapita huku na huku bila kulowesha kwato. Mwaka uliofuata mvua zikarudi. Maji yakapanda, yakaendelea kupanda, na kufikia 2020 yalikuwa yamefunika mashamba, barabara, nyumba za watu na migunga mingi iliyokuwa imesimama ufuoni kwa miongo. Siku hizi mtu anayetaka kufika Crescent hutafuta boti.

Wengi hupanda boti hiyo kwa ajili ya kisiwa chenyewe, maana kutembea kwa miguu kati ya twiga na pundamilia ni jambo ambalo mbuga nyingi za Kenya haziruhusu. Mpenzi wa ndege na apande kwa ajili ya njia. Ndege wengi wa Naivasha si wa ziwani hasa wala si wa nchi kavu. Ni wa pale viwili hivyo vinapokutana: kwenye mafunjo, kwenye tope, kwenye maji yanayofika magotini, kwenye tawi lililoinama juu ya maji. Huo ndio ukingo, na ukingo wa Naivasha haujawahi kutulia mahali pamoja tangu watu waanze kuupima. Anayeelewa namna unavyohama ataelewa kwa nini mwaka huu anaona mnandi mia pale ambapo mwaka mwingine angeona ng'ombe.

Sababu iko kwenye umbo la ziwa. Naivasha ni sahani pana yenye maji kidogo. Sehemu kubwa kina chake ni cha mita chache tu, na fuo zake, hasa upande wa kaskazini ambako mito huingilia, zimelala karibu tambarare. Maji yakipungua mita mbili kwenda chini, ukingo hurudi nyuma mamia ya mita. Yakiongezeka mita mbili, huingia kwenye mashamba ya watu. Mto Malewa, unaoteremka kutoka milima ya Nyandarua, ndio unaoleta sehemu kubwa ya maji, na Gilgil huleta kiasi chake. Kwa hiyo mvua ya Nyandarua ndiyo inayoamua ndege aitwaye sile-maua atatembea wapi Naivasha.

Jambo jingine la kujua kabla ya kuondoka nchi kavu ni kwamba maji haya ni matamu, na si kawaida yawe hivyo. Elmenteita, Nakuru na Bogoria, majirani wa Naivasha kwenye sakafu hii hii ya Bonde la Ufa, ni maziwa ya magadi: maji huingia, hayana pa kutokea ila kupaa kwa jua, na chumvi hubaki. Naivasha nalo halina mto unaotoka. Lakini liko juu kuliko wenzake wote wa Bonde la Ufa nchini Kenya, takriban mita 1,890 kutoka usawa wa bahari, na sehemu ya maji yake hupenya chini kwa chini katika miamba ya volkano na kwenda zake, ikichukua chumvi. Ndiyo maana hapa kuna samaki wa kuliwa na watu, kuna mafunjo, kuna kiboko kila kona, na ndege wa aina zaidi ya 350 wameorodheshwa ziwani na kandokando yake. Heroe, ambaye ndiye aliyeipa Nakuru jina duniani, hapa ni mgeni wa kupita.

Isipokuwa Oloidien. Hilo ni ziwa dogo kusini-magharibi ambalo maji yakiwa juu huwa ghuba tu ya Naivasha, na yakishuka hujitenga. Lilijitenga mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, likaanza kukolea magadi polepole, na katikati ya miaka ya 2000 heroe wadogo wakaja kwa maelfu kula mwani uliostawi mle. Ng'ambo ya pili ya ukanda mwembamba wa ardhi, kwazi walikuwa wakivua samaki wa maji matamu. Sijui mahali pengine katika nchi hii ambapo mtu angeweza kutazama mambo hayo mawili kwa kugeuza shingo tu. Maji yalipopanda, Oloidien likameza ukanda ule na kuungana tena na mwenziwe.

*

Ondoka asubuhi. Mchana upepo huamka karibu kila siku na kulikoroga ziwa, boti hurushwa, na darubini huwa haina kazi mkononi mwa mtu anayerushwa. Saa moja asubuhi maji yametulia, na kwenye ufuo wa Karagita manahodha wameshapanga boti zao, wengine bado wakimwaga maji ya mvua ya usiku kwa debe. Vaa nguo nzito, maana mwinuko huu una baridi yake. Vaa na jaketi la uokoaji, ulifunge vizuri kabla injini haijawashwa.

Chagua nahodha kwa kumuuliza ndege. Wapo wanaojua njia ya kisiwa na bei yake, basi. Wapo pia waliokulia ziwani, wengine walikuwa wavuvi kabla ya kubeba wageni, na hao wanajua ni mti gani una kiota mwaka huu na ni ghuba gani ina kiboko mwenye mtoto. Nahodha wa aina hiyo akipunguza mwendo na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, hapa tusisogee, ana mtoto," hana haja ya kuulizwa mara ya pili. Kiboko jike hupisha boti mara nyingi, lakini akiwa na ndama hapishi, na maji ya ukingoni, yale ambayo ndege wanayapenda, ndiyo anayoyapenda yeye.

Kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni msitu uliokufa. Migunga, ile miti mirefu yenye gome la manjano, hupenda unyevu lakini haiwezi kuishi mizizi yake ikizama mwaka mzima. Mizizi hukosa hewa na mti hukauka umesimama. Kwa hiyo mita nyingi kutoka ufuo wa leo zimesimama safu za miti mikavu, myeupe, matawi yakiwa yamepakwa kinyesi cha mnandi. Mgeni huona ukiwa. Mnandi anaona nyumba. Mti uliozungukwa na maji haufikiwi na nyani wala na kicheche, na chini yake kuna samaki. Mnandi mkubwa mwenye kifua cheupe hujenga juu, mnandi mdogo mwenye mkia mrefu hujenga chini yake, na katikati yao hujipenyeza yangeyange na koikoi. Asubuhi na mapema utawaona mnandi wamefungua mabawa kwenye jua. Manyoya yao hulowa maji kwa urahisi, na kulowa huko huwasaidia kuzama na kumfukuza samaki. Baadaye sharti waanike.

Miti hiyo hiyo ndiyo inayomfaa kwazi, tai mla samaki mwenye kichwa na kifua cheupe, ambaye sauti yake imekuwa alama ya maziwa yote ya Afrika. Huitoa kichwa kikiwa kimetupwa nyuma, mara nyingi dume na jike kwa kupokezana, na maana yake ni kwamba kipande hiki cha ukingo kina wenyewe. Leslie Brown, ofisa wa kilimo aliyetumia muda wake wa ziada, na baadaye maisha yake yote, kwa ndege wakubwa wa Kenya, aliwachunguza kwazi wa Naivasha kwa miaka na kuandika kitabu juu yao. Baada yake watafiti wengine, akiwamo Mkenya Munir Virani, waliendelea kuwafuatilia. Jambo moja ambalo mtu yeyote mwenye subira ataliona mwenyewe ni kwamba kwazi hushinda mtini. Sehemu kubwa ya siku hafanyi lolote ila kukaa, kutazama maji na kulinda mpaka. Uvuvi wenyewe ni dakika chache.

Hapo ndipo inapoingia biashara ya mluzi. Nahodha hununua perege wadogo asubuhi, humtia samaki kipande cha bua la funjo ili aelee, kisha akiwa karibu na mti wa kwazi hupiga mluzi na kumrusha. Kwazi anaijua sauti ile. Hushuka, kucha mbele, na wageni hupata picha. Siwalaumu manahodha, picha hiyo inalipa karo za shule. Lakini naomba msomaji wa kitabu hiki asiiagize. Ndege anayezoezwa kusubiri mluzi anavua pale boti zilipo badala ya pale samaki walipo, na picha mia za aina hiyo hazikuambii lolote kuhusu hali ya ziwa. Kaa saa moja chini ya mti mmoja badala yake. Ukimwona kwazi akimnyatia kukuziwa badala ya samaki, umejifunza jambo: huenda maji yamechafuka kiasi kwamba hawaoni samaki, au samaki wamepungua, na tai ameamua kula ndege.

*

Habari ya samaki wa Naivasha ni ndefu, na haieleweki bila kujua kwamba karibu wote waliletwa. Ziwa hili lilikuwa na samaki mmoja mdogo wa asili ambaye hakuonekana tena baada ya 1962. Wengine walipandikizwa na watu: perege wa aina kadhaa kuanzia miaka ya 1920, besi kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa ndoano, na mwaka 1970 kamba wekundu wa maji matamu kutoka Louisiana, kwa matumaini ya biashara. Kamba hao walikula mimea. Mayungiyungi ya buluu yaliyokuwa yakitanda kwenye ghuba yalitoweka, na pamoja nayo majani mengi yaliyoota chini ya maji. Kukuziwa, yule ndege mweusi mwenye paji jeupe na vinundu viwili vyekundu juu yake, anakula majani hayo. Idadi yake Naivasha imekuwa ikipanda na kushuka kwa kuyafuata. Miaka ambayo majani yamestawi, ziwa huwa limetapakaa kukuziwa kwa maelfu. Yakitoweka, nao huondoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaingia samaki mwingine, karpu, ambaye hula kwa kufukua tope. Ziwa la kina kifupi likifukuliwa hubadilika rangi. Mwanga haufiki chini, na majani hayaoti tena. Wavuvi walipata riziki, kwa kuwa karpu huzaana sana na ni mkubwa, na sitadharau jambo hilo, maana maelfu ya watu katika mitaa ya Karagita na Kamere wanaishi kwa mishahara midogo ya mashamba ya maua na samaki ndio nyama yao. Lakini mtazamaji wa ndege anapoona maji ya rangi ya chai ya maziwa, ajue kwamba anatazama sababu mojawapo ya kutowaona kukuziwa.

Ziwa hili limewahi pia kugharimu maisha. Joan Root, aliyetengeneza pamoja na mumewe Alan filamu za wanyama zilizoonekana duniani kote, aliishi ufuoni hapa. Uvuvi haramu ulipokithiri alianzisha kikosi cha kuuzuia, akiwaajiri hata watu waliokuwa wakiufanya. Aliuawa nyumbani kwake Januari 2006.

Mbele kidogo ya miti mikavu yako mafunjo, yale yaliyobaki. Zamani yalilizunguka ziwa karibu lote, na yalikuwa na kazi mbili. Kwanza yalichuja tope la Malewa kabla halijafika ziwani. Pili yaliwaficha ndege ambao hutawaona popote pengine. Maji yakishuka, mafunjo hubaki juu ya nchi kavu, hunyauka, nyati na ng'ombe huyakanyaga, na mkulima huona shamba lenye udongo mweusi. Maji yakirudi hakuna tena mafunjo ya kuyapokea. Hivi ndivyo ukingo unavyopotea: si kwa siku moja wala kwa uamuzi wa mtu mmoja, bali kila ziwa linaposhuka kipande hukatwa, na linapopanda hakirudi chote. Mwambie nahodha azime injini mahali ambapo mafunjo bado ni mazito. Subiri. Mdiria mdogo mwenye kishungi cha buluu atatokea kwenye bua, mdogo kuliko ulivyotarajia. Mdiria mweusi-na-mweupe ataelea hewani bila upepo, mabawa yakipiga upesi, macho chini, kisha atajitupa. Ni mmoja wa ndege wazito zaidi wanaoweza kusimama hewani namna hiyo kwa nguvu ya mabawa peke yake, na ndiyo maana anaweza kuvua katikati ya ziwa ambako hakuna tawi.

Nafasi ya mafunjo imechukuliwa kwa sehemu na magugu-maji, mmea wa Amerika Kusini ulioonekana Naivasha mara ya kwanza mwaka 1988. Wavuvi wanayachukia kwa haki; hunasa nyavu na kuzuia boti. Ila ndege hawajui asili ya mmea. Magugu hushikana, upepo huyang'oa kutoka ufuoni, na visiwa vizima vya kijani huvuka ziwa na abiria wake: koikoi mdogo wa rangi ya mchanga amesimama kimya, kiluwiri mweusi mwenye mdomo wa manjano anakimbia ukingoni, na sile-maua anatembea juu ya majani kwa vidole vyake virefu ajabu vinavyotawanya uzito. Mtazame sile-maua vizuri, maana familia yake imepinduliwa. Jike ni mkubwa, ana eneo lake, na ndani yake wanaweza kuwamo madume kadhaa. Hutaga mayai kwa mmoja, akaenda kwa mwingine. Dume ndiye anayeatamia, ndiye anayelea, na hatari ikija huwakusanya vifaranga chini ya mabawa yake na kukimbia nao, miguu yao mirefu ikining'inia ubavuni mwake. Ukiona ndege mwenye miguu sita juu ya gugu-maji, huyo ni baba.

Mwari utawakuta penye maji wazi, wakivua kwa kikundi. Hujipanga nusu duara, huwasukuma samaki kuelekea kina kifupi, kisha huchovya midomo pamoja. Mwari weupe hawa wana habari inayounganisha maziwa matatu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki wadogo wanaovumilia magadi walichukuliwa Ziwa Magadi na kupandikizwa Ziwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Walizaana sana, na ndege wala samaki wakalifuata ziwa ambalo awali lilikuwa la heroe. Mwari wakaanza kula Nakuru. Lakini Nakuru halina visiwa, na mwari hutaga chini, kwa makundi, mahali ambapo fisi na mbweha hawafiki. Visiwa walivipata Elmenteita: miamba michache ya volkano katikati ya maji ya magadi. Tangu miaka ya 1960 wamekuwa wakizaa Elmenteita na kuruka juu ya vilima kwenda kuvua Nakuru, kisha kurudi na chakula kooni. Nakuru likikauka, kama lilivyokaribia kukauka katikati ya miaka ya 1990, wanakuja Naivasha. Maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elmenteita yaliandikwa pamoja kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, na mwari walikuwa sehemu ya hoja. Naivasha halimo katika orodha hiyo, ingawa ni ardhioevu inayotambuliwa na Mkataba wa Ramsar tangu 1995. Kwa mwari mipaka hiyo haina maana: kwake haya yote ni shamba moja lenye vyumba vya kulala upande mmoja na jiko upande mwingine.

*

Kisiwa chenyewe kinakuja taratibu. Ni nusu ya mdomo wa volkano ya kale iliyozama, na umbo lake la mwezi mwandamo ndilo lililokipa jina. Maji yaliyo ndani ya mkunjo wake ni ya kina kirefu kuliko sehemu nyingine zote za ziwa kuu, na rangi yake hubadilika ghafla unapoingia. Kuanzia 1937 ndege za Imperial Airways zilizokuwa zikitua majini zilishukia Naivasha zikiwa safarini kati ya Uingereza na Afrika Kusini, na abiria wa Nairobi wakamalizia njia kwa gari. Leo wanaotua majini ni bata bukini na domomwiko.

Juu ya kisiwa kuna nyasi fupi, twiga, nyumbu, kuro, na hakuna simba. Kwa ndege, thamani yake ni kwamba hapa ukingo haujawekwa ua. Kwingineko kuzunguka ziwa, shamba au hoteli hufika karibu na maji, na maji yanapopanda hukutana na waya. Hapa nyasi hushuka hadi majini bila kizuizi, na maji yakija mbele, tope jipya linazaliwa mbele vilevile. Miezi ya Novemba hadi Machi, tope hilo hujaa wageni kutoka Ulaya na Siberia, ndege wadogo wa miguu mirefu ambao wengi wetu huwapita bila kuwatazama kwa kuwa wote ni wa kahawia. Kaa chini, uwaache wazoee. Kwenye nyasi, tafuta korongo-taji. Mwaka 2012 aliingizwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kwetu sababu ni ile ile ya mafunjo: vinamasi vinalimwa, naye hazai ila kwenye kinamasi.

Kila Januari, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wa Makumbusho ya Taifa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na Nature Kenya, pamoja na wanaojitolea, huhesabu ndege wa maji wa maziwa ya Bonde la Ufa. Naivasha hugawanywa vipande, kila kikundi kikapewa ukingo wake, wengine kwa miguu, wengine kwa boti. Ni kazi ya uvumilivu na ina ugumu wake wa kipekee hapa. Ukingo unapokuwa tope wazi, ndege wanahesabika. Ukingo unapoingia katikati ya migunga mikavu na magugu, boti haipiti na jicho halipenyi, na idadi ndogo kwenye karatasi inaweza kumaanisha ndege wachache au msitu mzito. Ndiyo maana ninawasihi wanaopenda ndege wajiunge na hesabu hizo mwaka baada ya mwaka, mahali pale pale. Macho yaliyozoea ukingo mmoja hugundua tofauti ambayo takwimu peke yake haiwezi kuigundua.

Unaporudi, mwombe nahodha apite mbele ya Kihoto. Mtaa huu uko upande wa mji wa Naivasha, na ziwa liliuingia mwaka 2020, likaurudia 2024 na tena 2025. Utaona mapaa, kuta, nguzo za umeme zilizosimama majini, na juu ya nguzo mnandi. Familia nyingi zilihama na watoto na magodoro, na baadhi hazijapata pa kurudi. Ni vigumu kutazama ndege mahali kama hapo kwa moyo mweupe, na sidhani kwamba inafaa. Tangu enzi za ukoloni kumekuwa na makubaliano kwamba ardhi inayoachwa wazi na ziwa inaweza kulimwa na kulishiwa mifugo, lakini isijengwe chochote cha kudumu, kwa kuwa maji yana desturi ya kurudi. Miaka ya ukame ilikuwa mingi na mji ulikuwa unakua upesi. Aliyekuwa akitafuta kiwanja cha bei nafuu hakuonyeshwa mahali ziwa lilipokuwa miaka ya 1890. Angepaswa kuonyeshwa. Rekodi zipo.

Na kuna jambo la miti. Migunga mikavu inayobeba viota vyote vile itaanguka. Mti uliokufa ndani ya maji huoza kuanzia shinani, na kila upepo mkubwa unaangusha kadhaa. Kwa miaka michache ijayo kwazi na mnandi wa Naivasha wana makao tele kuliko walivyopata kuwa nayo. Baada ya hapo watahitaji miti hai, mirefu, iliyo karibu na maji popote yatakapokuwa. Mgunga huota vizuri kwenye udongo wenye unyevu ambao ziwa limeuacha karibuni, tena huota kwa wingi kwa pamoja, ndiyo maana misitu yake mara nyingi ni ya umri mmoja. Miche hiyo huhitaji miaka ya kuachwa bila jembe wala mbuzi. Maji yatakaposhuka, na historia yake inasema yatashuka, patakuwa na muda mfupi wa kuamua ni sehemu gani ya tope jipya itapigwa ua kwa ajili ya mboga na ni sehemu gani itaachiwa migunga. Uamuzi huo utafanywa na wenye mashamba, kaunti ya Nakuru na kamati za ufuo, na ungefaa uandikwe sasa, boti zikiwa bado zinapita juu ya ardhi yenyewe.